Ziwa Letu la Ol Bolossat

 

Sisi tuliotoka Nyandarua tukaja huku Uingereza kusomea shahada ya uuguzi, tukabaki wodini mpaka leo, tumeombwa tuseme machache kuhusu nyumbani. Tumechagua ziwa.

Watoto, mnalijua Windermere, maana shule huwapeleka. Ol Bolossat liko juu zaidi, mita 2,340 hivi kutoka usawa wa bahari, kati ya Nyahururu na Ol Kalou. Maji yake hayana chumvi, na lina viboko na korongo wenye taji. Likijaa, pamoja na vinamasi vyake, hufika kilomita za mraba 43 hivi, karibu mara tatu ya Windermere. Lakini kina chake ni kifupi sana, ndiyo maana kiangazi kikali hulirudisha nyuma upesi.

Humo ndimo unamoanzia mto Ewaso Narok, ule unaoanguka pale Thomson Falls, ambapo wengi wetu tumepigia picha za harusi. Unaungana na Ewaso Ng'iro, unapita Samburu na Isiolo hadi kinamasi cha Lorian. Mfugaji anayenywesha ngamia huko chini anategemea maji yetu ya baridi.

Kabla ya uhuru, mashamba ya huko yalikuwa ya walowezi, na wazee wetu wengi waliyafanyia kazi kama vibarua. Kuanzia miaka ya 1960 yakagawiwa familia zetu. Basi tukipenda ardhi msitucheke, imetutoa jasho. Ila shamba lililogawiwa babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, na viazi na kabichi vimefika ukingoni mwa maji. Mwaka 2018 serikali ilitangaza rasmi kwamba ziwa hilo ni eneo linalolindwa.

Na hapa ndipo tunapoingia sisi wa ng'ambo. Pesa za ploti nyingi za hamsini kwa mia hutoka huku. Unatumiwa picha kwenye simu usiku ukiwa zamu: nyasi kijani, maji kwa mbali, bei nzuri. Picha ya Februari, bila shaka! Mtume mtu wako akaione mwezi wa Mei, mvua ikiwa imenyesha. Aulize majirani maji hufika wapi, na maofisa wa ardhi na wa maji wamwonyeshe mpaka kabla hujalipa hata shilingi.

Tunasema haya kama wauguzi pia. Matete na mafunjo hushika udongo na uchafu, kama figo zinavyochuja damu. Yakikatwa, vikachimbwa vyoo vya shimo mahali pake, wanaochota maji ndoo kwa ndoo ndio watakaougua kuhara na homa ya matumbo. Wengi wao ni mama zetu.

Mnaosafiri Krismasi hii, wapelekeni watoto wakalione. Na jioni, watoto, muulizeni nyanya au babu: mlipopewa shamba, maji yalikuwa yanafika wapi? Awaonyeshe kwa kidole, kisha mpige picha mahali hapo mtuletee.