Dawa ya Kura Iliyoharibiwa



Mwaka 1988, katika mlolongo wa KANU, mahali pengi mwenye mstari mfupi alitangazwa mshindi. Tulipinga. Mwaka 2013, Oburu Oginga na William Oduol walipozozania mchujo wa ODM wa ugavana wa Siaya, wakuu wa chama walimpa tiketi mtu wa tatu, Cornel Rasanga.

Je, kanuni zikivunjwa, kura zihesabiwe? Hesabu iliyochafuliwa haiwezi kusimama. Lakini kosa la msimamizi si dhambi ya mpiga kura, aliyeamka alfajiri kutimiza wajibu wake. Kwa hiyo twasema: kura ikiharibiwa, irudiwe mbele ya wananchi, wala cheti kisitolewe chumbani. Tulilolikataa kwa KANU, tusilihalalishe kwetu.