Kasuku Aliyeingia Nyumbani ni Amana



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Aliyewaumba ndege, akawapa mbawa za kurukia na riziki ya kuitafuta, na Ambaye hakifichiki Kwake kiumbe chochote, kiwe msituni au tunduni. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, nakuusieni na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Ucha Mungu wa mtu hujulikana zaidi pale asipokuwapo wa kumshitaki. Ndege aliyefungiwa hana wakili, wala hawezi kwenda kwa kadhi. Kwa hiyo maudhui yetu ya leo ni kasuku aliyenunuliwa na kuletwa nyumbani: haki zake ni zipi, na mwenye nyumba ataulizwa nini juu yake.

Huenda mmoja wenu akastaajabu kusikia habari za kasuku katika mimbari. Na akumbuke kwamba Bwana Mtume (S.A.W.), pamoja na uzito wa kazi aliyotumwa, alikuwa akimsemesha mtoto mdogo, Abu Umayr, ndugu yake Anas bin Malik, na kumuuliza habari za kindege chake kilichokufa. Na huyo huyo Mtume ametuhadithia habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Wanavyuoni wengi wametoa katika habari ya kwanza ruhusa ya kufuga ndege, na katika ya pili sharti lake. Anayefunga mlango wa tundu amejitwika riziki ya aliyemo ndani.

Ndugu zangu, sipendi kuwaonya wengine nikajisahau. Miaka mingi iliyopita nilimnunulia mwanangu kasuku. Muuzaji alinipa tundu dogo la waya na kifuko cha mbegu za alizeti, akaniambia kuwa ndege hahitaji zaidi ya hayo. Siku ya kwanza nyumba ilijaa watoto wa mtaa, kila mmoja akigonga waya na kumtaka aseme. Usiku tukachoma udi kwa ajili ya wageni, na tundu lilikuwa pale pale sebuleni. Wiki ya tatu akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifua, nami nikadhani anabadilisha manyoya. Jioni moja nilirudi kutoka darsani, nilikosomesha hadithi hiyo hiyo ya mwanamke na paka, nikakuta kikombe chake cha maji kimekauka, naye amekaa chini ya tundu, amevimbisha manyoya na kufumba macho. Mwanangu akaniuliza: "Baba, leo ilikuwa zamu ya nani kumpa maji?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa hatukupanga zamu. Alikufa kabla ya Alfajiri. Tangu siku ile, kila ninapoisoma hadithi ile sauti hunipungua.

Basi sikilizeni yale ambayo mimi niliyajua baada ya kuchelewa.

Jambo la kwanza ni kumjua ndege alikotoka. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayesifika sana kwa kusema, ni ndege wa misitu ya Afrika ya Kati na ya Magharibi, nayo huenea hadi Uganda. Wamenaswa kwa wingi hata wakapungua, na wengi hufa kabla hawajafika sokoni. Ndiyo maana mataifa yaliyokutana Johannesburg mwaka 2016 yakaamua kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaonaswa porini. Bwana Mtume (S.A.W.) alipomwona ndege akihangaika kwa kuchukuliwa makinda yake, aliamuru yarudishwe. Basi usimnunue ndege wa magendo. Uliza amezaliwa wapi, taka karatasi zake, na upate kibali cha idara ya wanyamapori ya nchi yako.

Jambo la pili ni makao. Tundu liwe pana kiasi cha ndege kuzinyoosha mbawa zote mbili bila kugusa waya. Liwekwe penye mwanga lakini si juani, upande mmoja ukielekea ukutani ili ajione ana kinga, na vijiti vya kusimamia viwe vya matawi ya unene mbalimbali, kama ya mpera. Jikoni hapamfai kabisa. Mapafu ya ndege ni mepesi mno kudhurika; moshi wa udi na ubani, sigara, dawa ya mbu ya kupuliza, vyote humdhuru. Na vile vikaango vya kisasa visivyogandisha chakula, vikipata moto kupita kiasi, hutoa hewa inayoweza kumwua kwa muda mfupi. Usiku mpe giza na utulivu wa saa 10 hadi 12.

Jambo la tatu ni upole wa siku za mwanzo. Ndege mgeni ana hofu, maana haijui nyumba wala nyuso zenu. Msimzunguke, msimshike kwa nguvu. Mtu mmoja akae karibu naye, aseme kwa sauti ya chini, ampe tunda kwa mkono, kisha asubiri. Siku atakayokuja mwenyewe ndiyo siku ya urafiki. Ikiwa mna ndege wengine, mgeni akae chumba cha peke yake kwa muda wa mwezi au zaidi, asije akawaambukiza maradhi. Na yako maradhi ya kasuku yanayompata binadamu, yakamletea homa na ugonjwa wa mapafu. Kwa hiyo mavi yake yafutwe kwa kitambaa chenye maji, yasifagiliwe yakiwa makavu, na mikono ioshwe.

Jambo la nne ni chakula. Alizeti pekee haimtoshi. Ina mafuta mengi, na anayelishwa hiyo tu hukosa vitamini A na chokaa ya mifupa. Mpeni karoti, boga, mchicha, papai na nafaka, na maji mapya asubuhi na jioni. Parachichi ni sumu kwake. Vile vile chokoleti na kahawa. Na vyakula vya chumvi nyingi humdhuru. Tena jueni kuwa ndege huficha ugonjwa wake. Ukimwona amevimba manyoya, amekaa chini ya tundu, au mkia unapanda na kushuka kila avutapo pumzi, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Jambo la tano ni uenzi. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul An'am kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Kasuku porini huishi kwa makundi. Akiachwa peke yake mchana kutwa hupiga kelele au hujinyonyoa. Mwaka 1977 mwanachuoni wa Marekani, Irene Pepperberg, alimnunua dukani kasuku wa kijivu akamwita Alex. Kwa subira ya miaka 30, hadi ndege yule alipokufa mwaka 2007, alimfundisha kutaja rangi, maumbo na idadi za vitu. Ikiwa kiumbe huyu amepewa fahamu kiasi hiki, upweke wake si jambo dogo. Na fahamuni kwamba atayarudia yanayosemwa nyumbani. Nyumba ya matusi itamsikia akitukana mbele ya wageni.

Enyi wazazi, kasuku wa kijivu aliyetunzwa vizuri aweza kuishi miaka 40 hata 60. Mtu wa makamo amnunuaye leo huenda akatangulia yeye. Basi mtajeni katika wasia wenu nani atamtunza. Wala anayechoka asidhani kwamba kumwachia mjini ndege aliyezaliwa tunduni ni huruma. Hajui kutafuta chakula wala kumkimbia mwewe. Mpe mtu mwaminifu. Na asiyeweza haya yote, kuacha kununua ndiyo thawabu yake.

Nanyi wanafunzi, leo mkirudi nyumbani kwenye ndege, paka au kuku, msiulize kwanza kama amejifunza kusema. Ulizeni: leo ni zamu ya nani kumpa maji? Kisha iandikeni zamu hiyo ukutani.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyapuuza kwa viumbe Vyako vilivyokuwa mikononi mwetu. Tujaalie huruma, utuonee huruma siku ambayo sisi ndio tutakaokuwa hatuna wakili ila Wewe. Aamin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.