Chumvi Yenye Iodini na Akili za Watoto Wetu



Halmashauri imetutuma tunene juu ya chumvi. Huenda mzee mmoja akauliza, karani ana haja gani na mambo ya jikoni? Sisi ndio tuandikao daftarini fedha za karo mnazozitoa kila mwaka, na liko dhara moja limpatalo mtoto kabla hajazaliwa, ambalo karo haiwezi kuliondoa.

Sisi tutokao nyanda za juu twalijua rovu, ule uvimbe wa shingo ambao bibi zetu waliuficha kwa leso. Wako waliosema ni uchawi, na wengine mizigo mizito. Sivyo. Kwa maelfu ya miaka mvua imeosha udongo wa milimani na kuichukua iodini, hata mahindi na maharagwe yaotayo huko hayana ya kutosha. Ndani ya shingo mna tezi ambayo, kwa iodini hiyo, hutengeneza homoni ya kuendesha mwili na kukuza ubongo. Tezi ikikosa iodini hujitahidi kupita kiasi, ikatanuka.

Lakini rovu ni alama tu. Mama mjamzito akipungukiwa sana, mimba yaweza kuharibika, ama mtoto akazaliwa kiziwi, mfupi, na mzito wa akili. Akipungukiwa kidogo, mtoto huweza kuonekana mzima, shingo yake laini, ila darasani huachwa nyuma, akaitwa mvivu. Huyu ndiye atutiaye huzuni zaidi, maana hakuna amjuaye.

Na kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno! Mtu mzima hutaka mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito 250. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Iodini ya maisha yote haijazi kijiko cha chai, lakini hailimbikizwi mwilini kwa miaka, basi hapana budi ije kila siku. Ndiyo sababu ikatiwa katika chumvi, kitu kisichokosekana kwa tajiri wala kwa maskini. Uswisi walianza mwaka wa 1922, jimbo la Michigan huko Marekani 1924, na Kenya iliagiza kwa sheria mwaka wa 1978.

Msidhani chumvi ya pwani, kwa kuwa yatoka baharini, inayo tayari. Ikaushwapo juani hubaki na iodini chache sana. Ni lazima kiwanda kiiongeze. Kwa hiyo twawasihi wenye maduka miongoni mwetu wasome maandishi ya pakiti kabla ya kununua kwa jumla, wala wasipime chumvi ya mifugo kwa ajili ya watu.

Nyumbani, chumvi ikae ndani ya chombo chenye kifuniko, mbali na unyevu na joto la jiko, nayo itiwe chakula kikaribiapo kuiva. Isioshwe. Wala isizidishwe kwa kutafuta iodini zaidi, kwani chumvi nyingi huleta shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku.

Wenye rovu kubwa la siku nyingi wasitazamie chumvi ilipunguze. Hao na waende kwa daktari.