Uniti ya Didia na Uniti ya Mgodi

Msikilizaji, ukisikia shirika la umma linasifiwa kwa kuchangia uchumi wa mkoa, mara nyingi kinachofuata ni madawati, mifuko ya saruji na picha ya pamoja na mkuu wa wilaya. Sina ugomvi na madawati. Ila mchango wa TANESCO kwa Didia, hapa Shinyanga, haupimwi kwa madawati. Unapimwa kwenye mita ya LUKU, na huko ndiko nataka tuchungulie leo.

Chukua bei zilizoanza Aprili 2016, kabla ya kodi. Mwenye nyumba anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti. Huo ni msaada wa kweli, na mama mwenye taa tatu na redio anaujua. Sasa mwenye mashine ya kukoboa mpunga, yule tunayempelekea magunia kila msimu: yeye yuko kundi la T1, shilingi 292. Na mgodi mkubwa unaopokea umeme wa msongo wa kati? Shilingi 157.

Tuwe waungwana: mgodi unalipia pia tozo ya mahitaji ya juu, na kumhudumia mteja mmoja mkubwa ni rahisi kuliko kuhudumia nyumba elfu zilizotawanyika mbugani. Tena, mwenye mashine anayekoboa saa chache kwa siku akihamishiwa kundi la wakubwa ataumia zaidi, maana tozo ile inafuata kilele cha matumizi ya mwezi, haijali mota imefanya kazi saa ngapi. Kwa hiyo sisemi apewe bei ya mgodi. Nasema hana kundi lake. Amewekwa kapu moja na duka la mjini, wakati kazi yake ni kuongeza thamani ya mazao ya kijiji kizima, na kila shilingi anayotozwa anaihamishia kwa mkulima. Nani mwingine ataibeba?

Nendeni kwenye machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo mkaone upande wa pili. Penye nguzo, karasha la kusaga mawe linaendeshwa kwa umeme. Pasipo na nguzo, kunanguruma jenereta na dizeli inakula dhahabu kabla haijafika kwa mnunuzi. Hapo huhitaji mtaalamu wa uchumi akueleze kazi ya shirika la umeme.

Hata maji yana LUKU ndani yake. Tangu 2009 mamlaka ya maji ya KASHWASA inavuta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, na kuyauza kwa jumla kwa mamlaka za Shinyanga na Kahama. Maji hayapandi vilima yenyewe. Yanasukumwa na pampu, na pampu zinakula umeme. Bei ya umeme ikiwa nzito, uzito wake unafika mpaka kwenye ndoo.

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, imefanya kazi kubwa, hilo halina ubishi, na sote tunaichangia: kila ununuapo umeme, asilimia 3 inakatwa kwa ajili ya umeme vijijini. Lakini shilingi 27,000 ya kuunganishiwa kijijini ni ya njia moja. Njia moja inawasha taa, inachaji simu, inapoza soda. Mashine kubwa ya kukoboa inataka njia tatu. Kijiji kinaweza kuhesabiwa kuwa kina umeme huku mpunga wake ukipakiwa kwenye lori kwenda kukobolewa kwingine, na pumba, ajira na faida vikiondoka na lori hilohilo.

Ndiyo maana ombi langu ni mawili. TANESCO na REA, kabla ya kusimamisha transfoma, muulizeni mwenye mashine na mwenye karasha wanahitaji nini, siyo mwenyekiti wa kijiji peke yake. Na EWURA, mdhibiti wa bei, bei itakapopitiwa tena, taftishi isiishie ukumbi wa mjini. Njooni Didia, na mje na pendekezo la kundi la viwanda vidogo vya vijijini. Nanyi wenye mashine, siku hiyo fungeni kazi kwa saa mbili, mje na risiti zenu za LUKU mkononi.