Mwanamke Akimbiaye Dhulma Asirudishwe



Ndugu zangu waheshimiwa, mwaka wa 6 Hijiria (628) Waislamu walifunga mkataba na Makureshi huko Hudaibiya. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba atakayetoka Makka kwenda Madina bila idhini ya walii wake arudishwe. Haukupita muda akafika Bibi Umm Kulthum binti Uqba, ameikimbia nyumba yao kwa ajili ya dini. Nduguze wawili wakaja kumdai. Ikashuka aya ya 10 ya Sura Al-Mumtahina, ikiamrisha wanawake kama hao wahojiwe, na imani yao ikithibitika wasirudishwe. Mtume (s.a.w.) hakumrudisha.

Bibi huyo aliikimbilia imani yake. Bibi Habiba binti Sahl alikimbia kipigo. Abu Daud amepokea kwamba mumewe, Thabit bin Qais, alimpiga hata akamvunja kiungo, naye akaja kwa Mtume (s.a.w.) kumshitakia. Hakuambiwa arudi akavumilie. Thabit aliitwa, akarudishiwa mahari yake, wakatenganishwa.

Je, leo hali ikoje? Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 haukuwataja wanawake wanaoteswa na waume zao. Ndipo mwaka 1999 Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati ule, likaamua kwamba wanawake wawili wa Pakistani waliofukuzwa na waume zao wanastahiki hifadhi, kwani dola yao haikuwalinda. Januari 2024, Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua vivyo hivyo katika shauri la mwanamke wa Kiislamu kutoka Uturuki: anayetishwa na jeuri ya nyumbani, na nchi yake isimlinde, aweza kuhesabiwa mkimbizi.

Ndugu zangu, tusione fahari wala tusikasirike. Tujiulize: kwa nini binti yetu avuke bahari kutafuta mlango ambao Madina ulikuwa wazi tangu alfajiri ile? Mara ngapi sisi wazee tumemwambia aliyevimba uso, “Rudi kwako, ndoa ni subira”? Subira haikuwekwa ili dhalimu apate nafasi. Akibisha hodi usiku, afunguliwe, asikilizwe, apelekwe kwa tabibu na kwa kadhi. Mume naye aitwe ajibu. Kumrudisha kabla ya hapo ni kushiriki dhulma.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe kimbilio la wanaodhulumiwa. Amin.