Samadi ya Wafugaji na Mikunde ya Karatu



Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mbolea duniani kote, mkulima wa Rhotia au Endabash alijikuta akivilipia vita hivyo katika kila mfuko wa urea alionunua. Serikali ililazimika kutoa ruzuku kuanzia msimu wa 2022/2023, na kwa mlimaji wa mahindi msaada huo ulikuwa mkubwa. Lakini liko swali ambalo bado linastahili kuulizwa. Mfuko ule ukishafika shambani, unalishwa zao gani? Ukilishwa mahindi, una hoja yake. Ukimwagwa kwenye mbaazi au ngwara, mkulima amenunua kwa fedha kitu ambacho zao lake hujitafutia lenyewe bila malipo.

Hewa yote ivutwayo ni naitrojeni kwa asilimia 78. Mahindi hayawezi kuitwaa, yanaisubiri ardhini. Mimea ya jamii ya kunde imejaliwa njia nyingine. Katika mizizi yake huishi bakteria waitwao raizobia, nao hujijengea vinundu vidogo. Mmea huwapa sukari, wao huugeuzia naitrojeni ya hewani kuwa chakula. Sasa mkulima akimwaga mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni karibu na mizizi hiyo, mmea hupata chakula cha bure na huacha kuwalisha wageni wake. Vinundu hupungua au hufa. Kwa hiyo urea kwenye mbaazi haiongezi tu gharama; inamfukuza kazini mfanyakazi asiyedai mshahara.

Hata hivyo si haki kusema kwamba mikunde yote ni sawa. Maharage ni mvivu katika kazi hii kuliko mbaazi na ngwara. Yakipandwa katika ardhi iliyochoka, yatageuka manjano kabla vinundu havijaanza kazi, na hapo ndipo mkulima hushawishika kukimbilia dukani. Dawa yake ya kweli ni samadi. Samadi iliyooza haitoi naitrojeni kwa mkupuo, bali kidogo kidogo, wala haivizimi vinundu kama urea ifanyavyo. Tena huleta fosforasi na potasiamu, na huufanya udongo ushike maji, jambo ambalo mfuko wa urea hauwezi kulifanya hata ungekuwa wa bei gani.

Elimu hii si ngeni Karatu. Wairaqw, katika nchi yao ya asili huko Mbulu, walikuwa wakilaza ng'ombe ndani ya nyumba na kubeba samadi hadi shambani miaka mingi kabla bwana shamba wa kwanza hajafika. Waliweza kulima ardhi ileile kizazi hata kizazi kwa sababu kilichotoka shambani kilirudi shambani. Kilichopotea baadaye ni ile desturi ya kurudisha.

Lakini hesabu lazima isemwe bila kuficha. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Samadi kavu ya ng'ombe, kwa makadirio ya kawaida, ina kilo 10 hadi 15 katika tani moja, na si yote itolewayo msimu wa kwanza. Basi kuufidia mfuko mmoja ni kubeba karibu tani mbili. Mwenye ng'ombe wawili na shamba la ekari tano hawezi kulifunika lote kila mwaka, na anayemwambia kwamba anaweza anamdanganya. Anachoweza ni kuligawa shamba, kuipeleka samadi kwanza pale maharage yanapodhoofika, na kuitunza isipotee. Samadi ikianikwa juani, naitrojeni yake huruka hewani, ikinyeshewa, huchuruzika. Shimo lenye kivuli, au hata lundo lililofunikwa kwa majani ya migomba, huokoa sehemu kubwa.

Kwa mahindi yaliyochanganywa na mbaazi, kama ilivyo kawaida Karatu, urea ikilazimu kutumika iwekwe penye shina la hindi, isimwagwe katikati ya mistari.

Juu ya Karatu iko Ngorongoro. Ndani ya eneo la hifadhi, lililoanzishwa mwaka 1959, kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Mfugaji wa Kimaasai aliyezuiwa kulima hulazimika kununua unga na maharage yaliyolimwa kwingine, na Karatu ndiyo jirani. Shamba la Karatu likichoka, njaa haiishii Karatu. Na yeyote aliyepita penye boma lililohamwa ameona jinsi nyasi zinavyositawi pale kwa miaka mingi. Huo ni ushahidi wa samadi ambao hauhitaji maabara.

Kati ya mfugaji na mkulima upo ugomvi mmoja ambao haujamalizwa. Karatu ni miongoni mwa wilaya ambako kilimo hifadhi kilijaribiwa katika miaka ya 2000, ngwara na mbaazi zikitumika kufunika udongo. Tatizo lililojitokeza ni mifugo kuachiwa mashambani baada ya mavuno na kula masalia yote. Ng'ombe ana haki ya kula, na udongo una haki ya kufunikwa. Vijiji ndivyo vyenye uwezo wa kuweka sheria ndogo, na mwenye ng'ombe anayelisha mabua ya mwenzake hana budi kulipa kwa samadi.

Fosforasi pia isisahaulike, kwani vinundu havifanyi kazi bila hiyo. Ipo jirani: fosfati ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, iliyoanza kuchimbwa mwaka 1983. Hufanya kazi vizuri zaidi katika udongo wenye uchachu, kwa hiyo inafaa udongo upimwe kwanza.

Wakulima wa mbaazi wanaukumbuka mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kununua kutoka nje na bei ikaporomoka. Aliyekuwa ametumia samadi ya zizi lake alipata hasara ya jasho. Aliyekuwa amekopa mbolea alibaki na deni.

Kabla ya kununua mfuko mwingine, mkulima ang'oe mche mmoja kwa jembe, taratibu, maharage yanapoanza kutoa maua. Apasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au cha kijani, amwendee bwana shamba kabla ya kwenda dukani.