Mche Mzuri Wenye Ugonjwa

Somo letu ni Waebrania 12, mstari wa 15.

Hapa Nakuru wengi wetu tunalipenda ua la jeraniamu, lile litambaalo na kuning'inia. Asili yake ni Afrika Kusini, nalo halina makuu. Twaa mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, utoboe matundu chini, utie udongo wetu mwepesi pamoja na samadi iliyooza. Kata tawi la sentimeta 10 hivi chini ya kifundo, ondoa majani ya chini, ulipande. Usilizamishe kwa maji.

Lakini sikilizeni. Mwaka 2003 matawi ya jeraniamu yalifika Marekani kutoka Kenya, mabichi na mazuri kwa macho. Yalipokwisha kupandwa yakaonekana kuwa na bakteria wa mnyauko, wale wale wanaonyausha viazi katika nyanda zetu za juu. Miche mingi sana ikateketezwa. Ugonjwa huu huweza kukaa ndani bila dalili. Huenea kwa maji, kwa udongo, na kwa kisu kilichokata mmea mgonjwa. Dawa ya kuuponya mmea huo haipo.

Ndugu, na sisi je? Krismasi ya mwaka 2007 tuliimba katika benchi moja. Januari 2008 tukaogopana. Nyumba zikachomwa, na majirani wakauawa katika mji huu. Chuki ile haikuota usiku mmoja. Ilikuwamo ndani, nasi tulikuwa kijani kwa nje. Leo tukimsikia mtoto aliyezaliwa baada ya mwaka ule akilitaja kabila la jirani kwa dharau, tusiulize ni shule gani iliyomfundisha. Tawi hutoka katika mmea mama, na kisu ni ulimi wetu mezani.

Hapa mfano wetu unakoma, na tumshukuru Mungu. Mmea mgonjwa huchomwa, bali mwenye dhambi atubuye huponywa. Yuko mtu ambaye tangu mwaka ule tunampa mkono kanisani, lakini hatujaingia nyumbani kwake. Juma hili twende, na tawi la jeraniamu mkononi, lililokatwa kwa kisu safi. Tusingoje aanze yeye. Tumwambie, "Tulikukosea."

Na tuombe. Ee Bwana, safisha mioyo yetu na ndimi zetu, watoto wetu wasirithi sumu yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.